Kamera ya mfukoni, pesa ya mfukoni

Wadau, tangu watu wangu wa karibu wajue kwamba nimenunua kamera, swali ni moja tu: "Sasa kaka, simu unayo, kamera ya nini tena?" Wengine wanauliza kwa utani, wengine kwa sababu wanaijua hali ya mfuko wangu. Ni swali la haki kabisa. Nimekuwa nikilijibu vipande vipande, kwenye daladala, kantini, hata msibani, na leo naomba nilijibu lote kwa mpigo, maana wapo pia wanaotaka kununua na wanachanganywa na maneno ya wauzaji.

Kwanza hesabu. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea kwenye gazeti, yaani kitambulisho ninacho, kiti ninacho (siku nyingine), ila mshahara sina. Nalipwa kwa stori iliyotoka, na picha iliyotoka inalipwa pembeni. Siku hizi mhariri haulizi tena kama una stori. Anauliza kama una stori, picha, na video ya mtandaoni. Ukikosa kimoja, kazi yako inapunguzwa hadi inabaki aya mbili ukurasa wa ndani, na malipo ya aya mbili unayajua mwenyewe. Nilikuwa nimeweka Sh1.4 milioni kwa miezi 11. Fedha hizo zilikuwa na mchumba mwingine: mwenye nyumba wangu, kama wenzake wengi hapa Dar, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na zamu yake ni Januari. Kwa hiyo sizungumzii kifaa cha kuringia. Nikichagua hovyo, narudi kwa mama Morogoro na shahada yangu kwapani.

Simu nisiisingizie. Mchana kweupe, mtu amesimama mbele yako, simu ya kawaida inatoa picha ambayo gazeti linaichapa bila tatizo. Simu za bei mbaya zimefika mbali zaidi. Tangu 2022 kuna Xiaomi yenye sensa ya ukubwa uleule unaopatikana kwenye kamera nzuri za mfukoni. Lakini simu ile inauzwa kwa bei ya kamera mbili, na yangu siyo ile. Yangu inarekodi video vizuri hadi mhariri anapopiga kuuliza "umefika wapi?", na hapo rekodi inakatika katikati ya sentensi ya waziri. Ukiweka kuzuia simu zisiingie, mhariri anadhani umezima makusudi. Halafu chaji: ukirekodi saa moja, ukituma picha, ukiandika stori humohumo, saa kumi jioni uko Posta unatafuta soketi kama mgonjwa anayetafuta zahanati.

Ila hayo yote ni madogo. Kubwa ni sura za watu.

Angalieni picha za simu nyingi kwa makini. Mzee wa miaka 70 aliyechomwa na jua la shamba anatoka na ngozi laini kama bwana harusi. Makunyanzi yamefutwa, weusi umepunguzwa, macho yameongezewa mng'aro. Kuna simu ambazo hata ukizima urembo huo bado programu ya ndani inalainisha kidogo kwa siri. Kwa picha ya siku ya kuzaliwa sawa, wala sina ugomvi. Lakini mimi naandika kwamba mzee huyu kavunjiwa nyumba na kalala nje wiki mbili, halafu picha inaonyesha mtu aliyetoka saluni. Msomaji ataamini nini, maneno yangu au macho yake?

Jambo hili halikuanza na simu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na sisi wengine tulitoka tulivyotoka: meno na macho. Waliofungua albamu za wazazi wao wanajua ninachosema. Mwaka 2021 Google walipotoa Pixel 6 walitangaza kwa fahari kwamba wameifundisha kamera yake kuona ngozi nyeusi vizuri. Sawa, asante, ila fikiria tumeisubiri hadi 2021. Kamera inayokuachia wewe uamue mwanga ni tofauti kidogo: ukiona uso umekuwa giza kwa sababu nyuma kuna dirisha, unazungusha kitufe cha kuongeza mwanga na uso unatokea, dirisha likiungua liungue. Simu nayo inakuruhusu, ila hadi uguse, uvute, mtu keshamaliza kulia.

Haya, nikaamua kamera. Lakini kamera ipi? Kubwa ya kubadilisha lenzi niliiondoa siku ya kwanza. Bei ya lenzi peke yake ni kodi ya nyumba, na pia ukiingia nayo mtaani watu wanabadilika. Anayekuona na kamera kubwa anadhani ni televisheni, anakwenda kubadilisha shati. Anayekuona na simu anadhani picha yake inakwenda kwenye magrupu ya WhatsApp sasa hivi, na mara nyingine hakosei. Kamera ndogo iko katikati. Inaeleweka kwamba uko kazini, lakini haimtishi mtu. Ukipanda nayo bodaboda inakaa mfukoni, vibaka hawaioni.

Tatizo ni kwamba kamera hizi ndogo zilikuwa zimekwisha kufa. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha zaidi ya milioni 100 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu ilizimaliza. Halafu vijana wenzetu wa TikTok wakazifufua. Fujifilm X100V ilitoka 2020 kimyakimya, ikafika 2022 inatafutwa kama sukari ya magendo, na mrithi wake X100VI wa 2024 naye watu wakapanga foleni ya miezi. Zimerudi hadi zile Canon IXUS za kina dada wa vyuo vya miaka ile, na bei zake zimerudi pia! Kijana mmoja Kariakoo alinitajia Sh350,000 kwa kamera ambayo mjomba wangu aliiacha kwenye droo akiiona takataka.

Nitawaambia ukweli kuhusu hizo za zamani. Zina rangi tamu, zinaleta hisia, lakini kwa kazi ni hasara. Sababu ni sensa. (Siyo ile ya watu na makazi ya 2022, hii ni kile kipande kinachopokea mwanga.) Muuzaji atakuimbia megapikseli: hii 16, hii 20, hii 48! Mwache aimbe. Megapikseli ni idadi ya vikombe. Sensa ni ukubwa wa uwanja unaonyeshewa mvua. Ukiweka vikombe milioni 20 kwenye uwanja mdogo, kila kikombe kinapata tone, na usiku hakuna kitu, picha inajaa chembechembe kama mchele uliochanganyika na mchanga. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Zile za daraja la juu kidogo zina sensa inayoitwa ya inchi 1, na hapa pana kichekesho kidogo, kwa sababu siyo inchi moja hata kidogo. Ni milimita 13.2 kwa 8.8. Jina limebaki tangu enzi za kamera za televisheni zilizotumia mirija ya kioo, wakipima unene wa mrija kwa nje. Hata hivyo uwanja wake ni mkubwa mara nne kuliko ule mdogo, na mara nne siyo mchezo ukiwa kwenye ukumbi wenye taa mbili.

Kwa hiyo nikaweka sharti la kwanza: sensa ya inchi 1, basi. Ricoh GR III ina kubwa zaidi ya hapo na inaingia hata mfuko wa shati, wapiga picha wa mitaani wanaiabudu, lakini haina zumu kabisa, na video yake ni kama waliiweka ili isisemwe haina. Nikaiaga.

Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima, kati ya kamera zenye zumu ndefu na zenye lenzi yenye mwanga. Canon SX740 inavuta mara 40, unasimama jukwaani Uwanja wa Mkapa unaona jasho la kipa. Nani asiyetaka? Sony RX100 VII ya 2019 inavuta hadi 200, ndani ya sensa ya inchi 1, na ina tundu la kuchungulia linalochomoza kama kichwa cha kobe. Nilikuwa naziota. Kisha mpigapicha mkongwe wa chumba chetu cha habari, ambaye wote tunamwita Mzee ingawa hajafika 60, akanisikia nikibishana na wenzangu, akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, stori zako za miezi mitatu unazo?"

"Ninazo, Mzee."

"Kazihesabu. Kila moja, ulisimama wapi na ulikuwa mbali kiasi gani na mtu. Ukimaliza ndipo uongee na mimi habari za lenzi."

Shikamoo Mzee, naipeleka kwako tena hapa. Nilikaa usiku mmoja na daftari. Stori 58. Zile ambazo nilikuwa hatua nne au tano kutoka kwa ninayemhoji zilikuwa 44, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa ndani: ofisi ya serikali ya mtaa, chumba cha mjane, darasa, ukumbi wenye mapazia mazito. Mbali kweli, yaani uwanjani, barabarani kwenye msafara, ng'ambo ya maji Jangwani mvua ilipofunga barabara, zilikuwa tisa. Zilizobaki hazikuhitaji picha yangu. Na katika hizo tisa, gazeti lilituma mpigapicha wake mara saba! Nilikuwa nataka kutoa fedha ya kodi kwa ajili ya stori mbili.

Ukishajua hivyo mambo yanajipanga. Ninachohitaji ni lenzi yenye tundu pana. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. RX100 VII ukiivuta mwisho inakuwa f/4.5, lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara sita kuliko hapo. SX740 ni giza zaidi, inaanza na f/3.3 kabla hujavuta. Ile zumu niliyokuwa naiota ni ya jua, na kazi yangu ni ya kivulini.

Zikabaki tatu mezani. Canon G7 X Mark III ya 2019: lenzi ya 24 hadi 100, f/1.8 hadi 2.8, ina flashi, ina tundu la maiki. Kamera safi sana, ila hiyo ndiyo kipenzi cha TikTok, na kila niliyemuuliza alinitajia bei ya kunifukuza. Sony RX100 III ya 2014, mtumba: ina flashi, ina tundu la kuchungulia ambalo kwenye jua la saa saba la Dar ni mkombozi, bei inashikika, lakini video yake haiendi zaidi ya Full HD na haina pa kuchomeka maiki. Na Sony ZV-1 ya 2020: lenzi ni 24 hadi 70 ya f/1.8 hadi 2.8, skrini inafunguka pembeni, maiki inachomekwa, lakini haina flashi wala tundu la kuchungulia.

Watu wengi wakiuliza kamera ya video wanauliza 4K. Jamani, 4K kwa stori za mtandaoni za gazeti? Kwa mpangilio wa juu wa kamera hizi za Sony, yaani megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja ni megabaiti 750. Ukituma dakika tatu kwa bando lako mwenyewe utalia. Full HD ya megabiti 50 inatosha na inabaki, na kadi ya GB 64 inakupa karibu saa tatu. Kinachoua video zetu ni sauti. Mtazamaji atavumilia picha ya giza kidogo. Sauti ya upepo na jenereta haivumilii, anazima, anakwenda kwa jirani. Nilirudi kusikiliza mahojiano yangu ya zamani ya simu. Kuna mama mmoja alinieleza jinsi alivyompoteza mwanawe, maneno ambayo sitayasahau, na video ile haikutumika kwa sababu nusu yake ni honi. Stori ilitoka kwa maandishi tu. Mimi najua alivyosema, wasomaji hawajui.

Hapo ZV-1 ikashinda. Ina maiki ya ndani yenye vidude vitatu na manyoya ya kuzuia upepo ambayo wenzangu wanayaita paka, na ukitaka unachomeka maiki ya kubana kwenye kola. Flashi nimeikubali hasara. Picha za flashi za meza kuu, nyuso zinameremeta na ukuta una kivuli, sijawahi kuzipenda. Jua la mchana natengeneza kivuli kwa mkono kama anayemtazama mgeni anayekuja.

Kununua nako ni stori. Nilizunguka siku tatu, Kariakoo na Samora. Dukani mpya ilikuwa nje ya uwezo wangu, kwa hiyo mtumba. Kamera nyingi za mtumba zinatoka Japani kama magari yetu, na Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani menyu yake ni Kijapani tu, haibadiliki. Kijana mmoja alinipa moja nzuri, haina mkwaruzo, bei ya chini kwa laki mbili. Nikatafuta lugha, nikatafuta tena. "Utazoea bosi, unakariri tu vitufe." Kukariri Kijapani kwa ajili ya laki mbili, hapana, asante.

Kwa atakayenunua: washa kamera uvute lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kumi, usikilize kama inakwaruza. Piga picha ya ukuta mweupe au ya anga kwa tundu dogo, yaani f/11, ukuze kwenye skrini. Vidoa vyeusi ni vumbi ndani, na kamera hizi lenzi haivuliwi, kuisafisha ni kuifungua yote. Rekodi video dakika kumi papo hapo dukani, muuzaji anune tu, uone kama inajizima kwa joto. ZV-1 ina mpangilio wa kuruhusu joto zaidi kabla haijajizima. Uweke, kwa sababu Dar siyo Tokyo. Omba risiti. Na kadi usinunue kwa machinga hata akupe kwa upendo. Kadi feki inajitangaza GB 128 huku ndani ina nane, inapokea picha zako kwa adabu zote, kisha unafungua nyumbani hazipo. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw inaijaza kadi nzima na kuisoma tena. Ya kwanza niliyopewa kama nyongeza na muuzaji ilifeli ndani ya nusu saa, nikamrudishia na shukrani.

Moja zaidi, maana hili sikuliona likielezwa kwa Kiswahili. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Taa za mirija, na nyingine nyingi za bei rahisi, zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni ila kamera inaona. Kamera ikiwa imepangwa kwa Marekani, fremu 30 au 60, video ya ofisini inakuwa na mistari inayopanda na kushuka kama maji. Weka PAL, fremu 25 au 50, na kasi ya shata 1/50. Kila fremu inapata mapepeso mawili kamili na mistari inakwisha. Nimewaona watu wakiuza kamera zao kwa tatizo hili, wakidhani ni mbovu.

Niliipata mikononi mwa dada mmoja aliyekuwa anapiga video za mapishi akaacha alipojifungua. Aliniomba Sh1.25 milioni, tukaongea kidugu, akashuka hadi Sh1.15 milioni na kunitupia betri ya pili. Betri ya kamera hii ni ndogo kama biskuti, kwa kipimo cha kiwandani haifiki picha 300, na ukirekodi video ni chini ya saa moja. Mbili ndiyo angalau. Naibadilisha mzungumzaji wa pili akikaribishwa jukwaani, maana wa kwanza kila mara ni salamu.

Nimeitumia wiki tano. Picha nne zimetoka, moja ukurasa wa kwanza chini, na video mbili. Picha ya ukurasa wa kwanza ni ya fundi cherehani mwenye miaka 68, ndani ya kibanda chenye balbu moja, f/1.8, bila flashi, na mistari yote ya uso wake ipo. Alipoiona gazetini alinipigia simu kulalamika kwamba nimemzeesha. Mkewe akachukua simu akasema, "Usimsikilize mwanangu, ndivyo alivyo."

Betri ya tatu nimeiahirisha. Kwenye akaunti imebaki Sh210,000 baada ya kadi na maiki, mwenye nyumba hana habari na yote haya, na nimeshamwomba mhariri anipe zamu za Jumamosi hadi Desemba.